Dawa Itangulie Kabla ya Mrija Kutolewa

Anayefanya kazi ICU anaujua mluzi ule. Mgonjwa ametolewa mrija wa kupumulia na ndugu zake wameshapigiana simu za shukrani. Muda si mrefu kila pumzi inaingia kwa sauti nyembamba, mbavu zinabonyea, na wauguzi wanakimbilia vifaa vya kumrudishia mrija. Zoloto limevimba, kwa kuwa mrija uliomwokoa ndio uliousugua utando wake siku zote hizo.

Hapo ndipo wengi wetu hukumbuka steroidi. Tumechelewa. Dawa hizi huhitaji saa kadhaa kuutuliza uvimbe, na mgonjwa huyu ana dakika tu.

Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa ICU 15 za Ufaransa. Wagonjwa walipewa methiliprednisoloni miligramu 20 kwenye mshipa saa 12 kabla ya kutolewa mrija, kisha kila baada ya saa 4 hadi ulipotoka. Waliovimba zoloto walikuwa asilimia 3, dhidi ya 22 kwa wasiopewa. Waliorudishiwa mrija, asilimia 4 dhidi ya 8. Tangu 2017 mwongozo wa Marekani unashauri steroidi, angalau saa 4 kabla, kwa mgonjwa ambaye kiputo cha mrija kikitolewa upepo hewa haivuji pembeni. Kipimo hicho kinataka bomba la sindano na sikio lililotulia. Wasikilizeni wagonjwa wenu, hasa waliokaa na mrija siku nyingi.

Lakini tusiipe dawa hii sifa isiyo yake. Hutuliza uvimbe; kovu lililokwisha kukomaa haliyeyushi. Mgonjwa anayerudi kliniki wiki kadhaa baada ya ICU akikoroma kwa kila pumzi, akaandikiwa dawa za pumu mwezi baada ya mwezi, huenda koo lake la hewa linazibwa na kovu. Anahitaji kuchunguzwa kwa kamera na daktari wa masikio, pua na koo, ambaye anaweza kulipanua, kudunga steroidi kwenye kovu lenyewe, au kufanya upasuaji. Kovu hilo mara nyingi huanzia kwenye kiputo kilichojazwa kupita kiasi: shinikizo lake libaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji, lipimwe kila zamu.

Basi jioni ya kuamkia siku ya kutoa mrija, andikeni kwenye faili saa ya kuutoa na, kwa anayehitaji, saa ya dozi ya kwanza.