Zumari ya Kiriba na Wanaoikataa

Wapo watu wa Mwanza, tena wenye elimu, wasemao kwamba kijana wa Kiafrika apigaye zumari ya kiriba ya Waskoti amejivika utumwa. Hoja zao ni mbili. Kwanza, ala hiyo ni ya majeshi ya mkoloni. Pili, Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu 1971 hata 1979, aliipenda, akajiita na mfalme wa Skotlandi. Na watu wa ziwa hawajasahau kwamba Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia, ilikusudia kuupiga mji wao, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Uchungu huo twauheshimu. Hoja zenyewe twazikataa.

Mwaka 1746 mpiga zumari James Reid alishtakiwa mjini York kwa uasi. Alijitetea kwamba hakushika upanga wala bunduki. Mahakama ikajibu kwamba zumari yake ni chombo cha vita, akanyongwa. Basi ala hii, kabla ya kupambwa katika gwaride za dola, ilimponza mtu aliyenyongwa na dola hiyo hiyo. Je, tuihukumu kwa mnyongaji au kwa mnyongwa?

Wala kiriba si kigeni kwetu. Katika nchi za Ghuba iko zumari ya ngozi ya mbuzi iitwayo jirba, na neno hilo ni ndugu wa kiriba chetu. Na hao wanaokataa zumari hucheza gitaa na tarumbeta bila haya, kana kwamba hizo zilichongwa Magu!

Watatuambia: mcheza kwao hutunzwa. Naam, lakini methali yamsifu mchezaji, haikuuliza ngoma ilichongwa wapi. Na mchezaji wa ala hii astahili kutunzwa. Ana sauti tisa tu, na juu yake mabomba matatu yavumayo pasipo kukoma. Hawezi kuongeza sauti wala kuipunguza, wala kunyamaza kati ya sauti mbili; huzitenganisha kwa miguso myepesi ya vidole, huku kiwiko kikikamua kiriba kwa nguvu iliyo sawa. Mwanafunzi hukaa miezi mingi na filimbi ya mazoezi kabla ya kukabidhiwa kiriba. Huo si utumwa. Ni nidhamu, na furaha yake huja baada ya jasho.

Wasukuma wayajua haya kuliko wote. Baada ya mavuno Bagalu na Bagika hushindana kwa ngoma, na mshindi ni yule avutaye watu wengi upande wake. Hapana afisa atoaye amri ya kushangilia. Hicho ndicho kipimo tukitakacho.

Hapo twakubaliana na wapinzani wetu kwa jambo moja. Zumari ipigwayo kwa amri, mbele ya mtawala apendaye kusikia fahari yake mwenyewe, ni aibu. Lakini ngoma ya Kisukuma ipigwayo hivyo ni aibu vile vile. Kosa limo katika amri, halimo katika kiriba. Basi kijana aachwe apulize, na aje uwanjani siku ya mashindano. Akipiga vibaya, watu watamhama. Akipiga vizuri, hata wapinzani watajikuta wamesogea upande wake.