Hakuna Msimbo, Hakuna Kosa?

Kila ofisi inapotaka mfumo mpya, nasikia maneno yale yale: "Huu tunaujenga kwa kuburuta na kudondosha tu. Hauna msimbo, kwa hiyo habari za kupima na kupeleka kwa awamu hazituhusu." Husemwa na wakurugenzi na wauzaji wa zana hizo, na siku hizi hata na watengeneza programu. Wanaziweka OutSystems na Power Apps, zana za kuburuta, kwenye mizani moja na Jenkins au GitLab, zana za kupima na kupeleka mabadiliko, kisha wanauliza tuchukue ipi. Ni sawa na seremala kuuliza anunue msumeno au futi. Imani hii naipinga waziwazi, kwa sababu nimeona inavyoumiza watu.

Niliiona katika mradi wa lishe ya watoto vijijini. Fomu zetu za simu zilitengenezwa na afisa takwimu ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo, na kwa miezi zilifanya kazi vizuri. Jumatano moja akaona jina la safu ya uzito halijakaa sawa. Akalibadilisha, akabonyeza kitufe cha kuchapisha. Simu zilizokuwa na mtandao zikapokea fomu mpya, zilizokuwa mbali zikaendelea na ya zamani. Mwisho wa mwezi tulikuwa na safu mbili za uzito, kila moja ina mapengo, na ripoti ilikuwa ikisoma moja tu. Watoto waliobebwa mgongoni kutoka mbali wakapimwa, kwenye ripoti walihesabiwa kuwa hawakupimwa. Afisa yule sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Sisi ndio tuliompa uwezo wa kubadilisha mfumo wa wilaya nzima kwa kidole kimoja, tukamnyima mahali pa kujaribia, mwenzake wa kumkagulia na njia ya kurudi nyuma.

Anayedhani hayo ni ya fomu ndogo akumbuke CrowdStrike. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni hiyo ya Marekani ya usalama wa kompyuta ilituma faili kwa kompyuta za Windows za wateja wake. Programu yake haikubadilishwa. Faili ilibeba data ya kuielekeza programu iliyokuwamo tayari namna ya kutambua mashambulizi. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali ziliahirisha miadi. Faili iliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi ilibidi zifuatwe moja moja, mtu akae mbele ya kila moja aifufue. Jambo linalonikera zaidi ni hili: programu yenyewe wateja waliweza kuipokea kwa tahadhari, hata wakabaki toleo moja nyuma. Faili za maelekezo zilikwenda kwa wote kwa mkupuo, na baada ya maafa ndipo kampuni ikaahidi kuzitoa nazo kwa awamu.

Zana za kuburuta nazo zina kisa chao. Agosti 2021 watafiti wa UpGuard walitangaza kwamba rekodi milioni 38 zilikuwa wazi mtandaoni kupitia tovuti zilizojengwa kwa Power Apps. Zilikuwamo namba za simu, miadi ya chanjo ya Uviko-19, hata namba za hifadhi ya jamii za Wamarekani. Hapakuwa na udukuzi wowote. Ruhusa za majedwali hazikuwashwa, na wakati huo zana ilikuja zikiwa zimezimwa. Katika orodha walikuwamo Ford, American Airlines, jimbo la Indiana na Microsoft yenyewe, mwenye zana. Wote hao wana wataalamu. Jaribio moja dogo linalojiendesha kila badiliko linapopita, likijaribu kusoma jedwali bila nenosiri, lingepiga kelele siku ya kwanza.

Wala sisemi wanaoandika msimbo wako salama. Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, iliweka toleo jipya kwa mkono kwenye seva saba, ya nane ikasahauliwa. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Msimbo wao uliandikwa na mafundi. Kilichowaponza ni namna ulivyosafirishwa.

Ahadi ya kujenga mifumo bila mafundi ni ya zamani. Hata COBOL, lugha ya programu ya mwaka 1959, ilinadiwa kuwa karibu na lugha ya ofisi. Naipenda ahadi hiyo. Afisa takwimu aliyejitengenezea fomu anaijua kazi yake kuliko programa yeyote wa mjini, na sitaki kumrudisha kwenye foleni ya kuomba msaada. Lakini waundaji wa zana wenyewe hawaamini wanachoaminishwa wanunuzi: Mendix, zana nyingine ya kuburuta, huhifadhi matoleo kwa Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko, OutSystems huhamisha programu kutoka mazingira ya ujenzi kwenda ya majaribio, kisha kwa watumiaji. Njia imo ndani. Ofisi haziiwashi, kwa kuwa zimeambiwa hazina msimbo.

"Sisi ni shirika dogo, hatuna fedha," nitaambiwa. Kwetu haikugharimu hata seva moja. Tuliweka nakala ya pili ya fomu kwa majaribio. Kila toleo tunalihifadhi kama faili lenye tarehe. Mwenzake afisa hulisoma kabla halijachapishwa, kisha huanza kwenye simu mbili za kata moja, kwa siku mbili, na mtu huhesabu safu moja moja kabla ya kufungulia wilaya. Utaratibu huo aliuandika afisa yule yule, kwenye karatasi moja iliyobandikwa juu ya meza yake. Mwezi uliopita utaratibu huo ulizuia badiliko la mkurugenzi.