Fuvu Lilirudi, Maarifa Je?

Nikiwa darasa la sita hapa Kishapu niliuliza swali likaniponza. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni: fuvu la Zinjanthropus, Olduvai, 1959, miaka 1,750,000. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo miaka waliihesabuje?" Darasa zima likacheka. Nikaambiwa ninakili ubao, mtihani hauulizi walihesabuje.

Basi tukakariri, na hadi leo watoto wanakariri. Ndugu msomaji, mimi nasema huko siyo kusoma. Huko ni kubebeshwa mzigo usiojua ndani yake mna nini.

Tazama mwenyewe. Mary Leakey aliliona fuvu lile Julai 1959. Mumewe Louis akalikadiria miaka kama 600,000. Mwaka 1961 tabaka za volkano za pale Olduvai zikapimwa kwa njia ya potasiamu na argoni, ikatoka 1,750,000. Karibu mara tatu! Tena mwanzoni alidhaniwa ni babu yetu. Leo wataalamu wanamhesabu ndugu wa pembeni, ukoo wake uliokatika. Sisi bado tunamwita babu. Kwa nini? Kwa sababu tulipewa jibu, hatukupewa njia ya kulifikia.

Njia hiyo mimi niliipata kisimani. Mjomba wangu alikuwa mchimba visima, na kiangazi cha huku unakijua. Tulikuta udongo mweusi wa mbuga, chini yake mweupe, chini zaidi changarawe. Akaniambia, "Mjomba, cha chini ndicho kilichotangulia."

Sasa sikiliza. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba mifupa ya mtu wa Omo Kibish, Ethiopia, iliyosemwa haifiki miaka 200,000, ina angalau 230,000. Walifanyaje? Juu ya mifupa hiyo kuna tabaka la jivu la volkano. Wakalilinganisha na jivu la volkano ya Shala, wakapata umri wake. Aliye chini ya jivu alitangulia jivu. Hoja ya mjomba tupu! Hata mtoto wa darasa la tatu angeielewa, angeambiwa kwa lugha yake.

Lakini nani amwambie? Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya: mtoto wa miaka isiyozidi mitatu, kazikwa miaka kama 78,000 iliyopita, kalazwa ubavu, magoti yamekunjwa. Wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Ripoti yenyewe ikatoka kwa Kiingereza. Eti jina letu, maelezo yao!

Siwalaumu wageni peke yao. Wasomi wetu wamo, na sisi vijana tunaojiita waandishi tumo. Kila toleo mapenzi, mapenzi. Mtoto yule alizikwa na watu waliompenda. Hayo si mapenzi?

Watu wa Kishapu tunaijua hasara hii. Almasi ya waridi ya Mwadui, karati 54.5, ilipatikana 1947 ikaenda Uingereza kwa Elizabeth, zawadi ya harusi. Tulibaki na hadithi tu. Fuvu la Olduvai afadhali, lilirudi Dar es Salaam 1965. Maarifa yake bado yako safarini.

Walimu, mtoto akinyoosha mkono mjibuni. Mkishindwa, mpelekeni kisimani.