UGALI WA WIMBI HAUNA PEPO



Neno la leo si la kubembeleza. Likikuchoma, kunywa maji, usome hadi mwisho, ndipo uniandikie.

Wiki iliyopita mama mmoja wa ushirika wetu hapa Kitale alipata ujumbe kutoka kwa mwalimu wa PP2. Ijumaa ingekuwa siku ya utamaduni. Kila mtoto aje na chakula kidogo cha kwao, avae kitu cha kwao, na ajue kuwasalimu wenzake kwa lugha ya nyumbani. Basi. Mama akaingiwa na hofu. Ijumaa asubuhi akamwandikia mwalimu kwamba mtoto ana homa, akamweka nyumbani mbele ya katuni. Jioni akanipigia simu kwa furaha: "Mchungaji, tumeshinda! Mtoto wangu hakushiriki mambo ya giza."

Nikamuuliza, "Mama, homa ilikuwa kali kiasi gani?"

Akanyamaza.

Mpendwa, umeona? Tumesema uongo ili mtoto asimkosee Mungu. Na mtoto alikuwepo, masikio wazi. Siku hiyo hakwenda shuleni lakini alifundishwa masomo mawili. La kwanza, mama akiogopa hudanganya. La pili, kwa nyanya yake kuna shetani.

Sasa sikia lililobaki. Mama huyu ana mdogo wake anayeishi Texas, Marekani. Mwezi wa Mei mwaka huu, mtoto wa huyo mdogo alisherehekea sikukuu ya Wamexico katika shule yake ya chekechea. Wanaiita Cinco de Mayo, yaani tarehe 5 Mei, siku ambayo mwaka 1862 jeshi la Mexico liliwashinda Wafaransa katika mji wa Puebla. Watoto wakavaa kofia pana za rangi, wakala tortilla, wakapasua piñata, lile sanamu la karatasi lililojazwa peremende. Picha zikatumwa katika kundi la familia la WhatsApp. Na mama wetu wa Kitale, huyu huyu wa homa, akaweka mioyo mitano na kuandika, "Umependeza, mtoto wangu! Mungu akutunze."

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, maana najua hauko mbali na mama huyu: kofia ya Mexico ni utamaduni, lakini leso ya nyanya yako ni mapepo? Tortilla ni elimu, lakini ugali wa wimbi ni madhabahu? Nani alikufundisha kwamba Mungu anakubali sherehe za mbali, ila zikitoka Chwele au Kapsokwony lazima zikemewe kwa damu ya Yesu?

Nitakuambia ni nani. Ni sisi wachungaji. Ni mimi.

Nilipookoka nikiwa kijana huko Bungoma, babu yangu alikuwa mpigaji wa litungu. Jioni aliketi nje ya nyumba, akapiga, akaimba habari za ukoo wetu: nani alimzaa nani, tulihama kutoka wapi, nani alikuwa mkarimu na nani alikuwa mchoyo. Mimi na Biblia yangu mpya nilimwambia mbele ya watu kwamba hiyo ni sauti ya shetani. Mzee hakunijibu. Aliliweka litungu chini. Nilipotembelea nyumbani tena, hakulipiga nikiwepo. Alikufa bila kunisimulia tena.

Leo mtoto wangu akiniuliza majina ya mababu zake, nafika la tatu nakwama. Na kila Jumapili nasimama madhabahuni nikicheza mbele ya gitaa, chombo kilekile kinachopigwa baa usiku wa Jumamosi, nikisema utukufu kwa Bwana! Daudi alipiga kinubi, chombo cha nyuzi. Litungu la babu nalo lilikuwa la nyuzi. Tofauti ni kwamba kinubi nilikisoma kitabuni, na litungu lilipigwa na mtu niliyemdharau.

Nimetubu. Natubu tena hapa mbele yenu.

Najua utaniambia, "Lakini Mchungaji, Yeremia 10:2 inatukataza kujifunza njia za mataifa." Amina, inatukataza. Sasa endelea kusoma mstari wa 3 hadi wa 5. Yeremia anasema habari za mti unaokatwa msituni, unaochongwa na fundi, unaopambwa kwa fedha na dhahabu, kisha watu wanauogopa kama mungu. Anakemea ibada ya sanamu. Hajasema neno lolote kuhusu mrenda.

Tena soma Danieli 1. Vijana wale wanne walipelekwa Babeli, wakafundishwa lugha ya Wakaldayo na vitabu vyao, wakapewa hata majina mapya. Danieli alikaa darasani. Alijifunza. Lakini kilipoletwa chakula cha mfalme, aliazimu moyoni asijitie unajisi. Alijua mahali pa kukaa na mahali pa kukataa. Hakusema ana homa! Alikwenda kwa msimamizi wake, akaomba kwa heshima, na Mungu akampa kibali.

Hapo ndipo penye kazi ya mzazi aliyeokoka: kupepeta. Mama wa kijijini akipepeta mtama hatupi ungo mzima kwa sababu ya makapi.

Na makapi yapo, sitakudanganya. Mwalimu akitaka watoto waigize kumwaga pombe chini kwa ajili ya mizimu, kataa. Akitaka busaa iletwe darasani hata kama ni ya maonyesho, kataa. Nyimbo za tohara zenye matusi, ambazo tunazijua sote, hazifai kuimbwa na mtoto wa miaka 5, wala na mtu wa miaka 50. Mtoto wa kike asivalishwe nusu uchi aitwe utamaduni. Na una haki ya kukataa. Katiba yetu ya 2010 katika Kifungu cha 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, lakini Kifungu cha 44 kinakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kufuata mila au tambiko, na Kifungu cha 32 kinakulinda usilazimishwe kutenda kinyume cha imani yako. Nenda ukaongee na mwalimu mchana kweupe, kama Danieli.

Lakini salamu? Chakula? Hadithi ya sungura na fisi? Kibuyu cha maziwa? Hayo ni makapi?

Sasa niende mahali panaponiuma.

Fungua Waamuzi 12. Watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kulitamka sawasawa. Aliyekosea alichinjwa. Walikufa watu 42,000, wote wana wa Israeli, wote wakimwita Mungu mmoja.

Wewe wa Trans Nzoia, usinifanye nikueleze sana. Vivuko hivyo tumevijua. Vita vya kikabila vya 1991 na 1992 vilifika kwetu na Bungoma; nyumba zilichomwa, watu wakalala makanisani na masokoni. Baada ya uchaguzi wa 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Watu waliulizwa wewe ni kabila gani, na jibu likawa uhai au kifo. Na uchungu mkubwa ni huu: wengi wa waliouliza na wengi wa walioulizwa walikuwa wamebatizwa. Tulikuwa tumeketi benchi moja kanisani miaka mingi, na hatukujua hata kusalimiana kwa lugha ya jirani.

Sasa fikiria darasa hilo la PP2 siku ya Ijumaa. Mtoto wa Kibukusu anasema "Mulembe", na darasa zima linajibu. Mtoto wa Kisabaot anasema "Chamgei". Mtoto wa Kiturkana kutoka Kipsongo, ambaye siku zote wenzake humcheka, anasimama na shanga za mama yake shingoni, anasema "Ejoka", na kwa mara ya kwanza anapigiwa makofi. Mmoja ameleta mursik, mwingine mukimo, mwingine samaki, mwingine ugali wa wimbi na kunde. Wanaonja. Wanakunja uso. Wanacheka. Wanaonja tena.

Mpendwa, unajua "Mulembe" maana yake ni amani? Hilo ndilo neno ulilomfungia mtoto wako nyumbani asilisikie.

Mtoto aliyekula kutoka sahani ya mwenzake akiwa na miaka 5 ni vigumu kumwambia akiwa na miaka 25 kwamba mwenzake huyo ni adui anayestahili kuchomewa nyumba. Sikuambii haiwezekani, maana moyo wa mwanadamu ni mdanganyifu. Nakuambia ni vigumu. Na mimi nautaka ugumu huo. Nitautafuta popote ulipo, hata kwenye kibakuli cha plastiki cha mtoto wa chekechea.

Siku ya Pentekoste, hiyo siku tunayojivunia hata tukaitwa Wapentekoste, Roho Mtakatifu alifanya nini? Soma Matendo 2:5-11. Aliwakuta watu wa mataifa mengi Yerusalemu, na hakuwapa wote lugha moja. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Na mbinguni, Ufunuo 7:9, Yohana aliona kila kabila na kila lugha mbele ya kiti cha enzi. Kama Mungu hakufuta kabila la nyanya yako mbinguni, wewe unalifuta Kitale kwa mamlaka gani?

Jambo la mwisho, halafu tuombe. Nehemia 13:24. Nehemia alirudi Yerusalemu akakuta nusu ya watoto hawajui kusema lugha ya Kiyahudi. Alikasirika mno, maana mtoto aliyepoteza lugha ya baba zake alikuwa njiani kupoteza na Mungu wa baba zake. Timotheo aliipata imani kutoka kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike, 2 Timotheo 1:5. Loisi angemfundishaje mjukuu aliyeambiwa kwamba nyanya ni mchafu?

Tena kumbuka, ukikataa kumfundisha wewe, barabara itamfundisha. Kila mwaka wa shufwa ikifika Agosti, chinyimba zinalia Bungoma yote hadi huku Trans Nzoia. Mwanao ataziona, atazifuata. Kama hakuwahi kusikia kwako ni kipi kizuri na kipi kibaya katika mila za baba zake, atakisikia kutoka kwa walevi wanaokimbia nyuma ya ngoma. Nani umemchagua awe mwalimu wake?

Basi fanya hivi. Ujumbe wa siku ya utamaduni ukija, mwone mwalimu mapema, uliza watoto watafanya nini, sema wazi unachokataa na unachokubali. Mpigie nyanya simu, mweke mtoto aongee naye, amwombe salamu moja na hadithi moja. Pikeni pamoja, na mwombee chakula hicho mbele ya mtoto. Jioni usimuulize tu "mlikula nini?" Muulize, "Mwenzako ameleta nini, na kwao wanasalimianaje?"

Nawe mwalimu uliyeokoka, usiwatume wazazi maskini kununua mavazi ya kukodisha ya pesa nyingi. Leso iliyoko nyumbani inatosha.

Na wewe mama wa homa, najua unasoma. Sijakutaja na sitakutaja. Nakupenda, na kosa lako nililianza mimi. Jumatatu mwambie mwalimu ukweli. Kisha mchukue mtoto, mwende kwa nyanya yake mkale.

Omba nami: Baba, tusamehe tulipoliita najisi lile ambalo wewe umelitakasa. Tupe macho ya kupepeta. Waponye wazee wetu tuliowanyamazisha. Wafanye watoto wetu wa Kitale na Bungoma wajue salamu za jirani kabla hawajajua matusi yake. Katika jina la Yesu. Amina.

Usiandike Amina peke yake leo. Andika salamu ya kwenu hapo chini, na useme ni ya watu gani, nasi tuijibu.

Mulembe.

Mchungaji wako.