UNATAKA PLEYA YA KUDUMU? ANZA NA SINDANO!

Wiki hii tunaweka pembeni mambo ya mitindo na nani kamuacha nani, tunaingia sebuleni kwenye muziki. Ila kabla sijaanza kukupa ushauri, naomba niungame dhambi yangu mbele ya kadamnasi: mimi niliharibu santuri ya marehemu.

Usicheke. Baba mkubwa alipofariki aliacha nyumba Ilala, kitanda cha mninga na masanduku mawili ya santuri. Humo ndani wamo Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz na OK Jazz ya Franco. Nyingi ni zile ndogo, wimbo mmoja kila upande. Bendi zetu nyingi za enzi hizo santuri zao zilichapwa Nairobi, na leo ukitaka nyingine kama hiyo uende wapi? Labda umpate mkusanyaji wa huko Ulaya akutajie bei ya ng'ombe.

Pleya ya mzee ilishakufa siku nyingi, mota iliungua. Siku moja mama mkubwa akaniita. "Mwanangu, wewe si unaandika gazetini, unajua mambo ya mjini? Nitafutie kitu cha kupigia hizi rekodi. Nataka nimsikie Mbaraka kabla na mimi sijaondoka."

Akanipa fedha. Mimi huyo, mguu kwa mguu mpaka Kariakoo. Nikakiona kibegi kimoja cha buluu, kinafunguka kama sanduku la safari, spika ndani, taa zinawakawaka, hata simu kinashika. Bei poa. Chenji iliyobaki nikapitia chipsi mayai. Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, akaimba pale sebuleni kama yuko hai. Mama mkubwa akatoa machozi, mimi nikavimba kichwa.

Baada ya miezi minane akanipigia simu. Nikaenda, nikakuta wimbo anaoupenda kuliko yote unalia kama mtu anakaanga dagaa. Hakunigombeza. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma: "Mwanangu, baba yako mkubwa aliipiga hii miaka na miaka, haijawahi kulia hivi."

Nikakibeba kibegi changu hadi kwa fundi mmoja mzee. Akachukua lenzi kama ya sonara, akatazama sindano, akatikisa kichwa. "Kijana, umemfungia panya kwenye kabati la nguo."

Sasa nisikilize vizuri, maana somo la wiki hii liko hapa. Santuri ina mfereji mwembamba unaozunguka kutoka nje kwenda ndani, na sauti ndiyo mikunjo ya ukuta wa mfereji huo. Sindano inapita humo, inatikisika, na kile kichwa kinachoibeba, ambacho mafundi wanakiita katriji, kinageuza mtikisiko kuwa umeme. Sindano ikiwa nzima inateleza. Ikishalika inakuwa na makali kama patasi, inachonga ukuta. Ukuta ukishachongwa basi, hakuna fundi wala mganga wa kuurudisha. Nyingi ya pleya za kibegi hubeba sindano ya yakuti badala ya almasi, na yakuti inaisha haraka. Tena mkono wake hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi wakati katriji nzuri ya nyumbani inaridhika na gramu 2. Mimi nilipiga miezi minane bila kubadili. Sikujua hata kama inabadilishwa!

Kwa hiyo msomaji, watu wengi wanaponunua pleya ya kukaa nayo wanaangalia mbao, rangi na taa. Wewe anza na swali moja tu: miaka kumi ijayo, sindano ya hii nitaipata wapi na kwa bei gani? Muuzaji akijikuna kichwa, muage kwa adabu.

Tupige hesabu kidogo. Mimi hesabu za kidato cha nne zilinitoa jasho, lakini hii niliiweza. Chukua katriji za Audio-Technica za Japani, zile za kundi la VM95. Wenyewe wanasema sindano yao ya ncha ya yai inadumu saa 300, ya ncha ya duara saa 500, na ile iliyochongwa kwa ustadi zaidi, inayoitwa maikrolinea, saa 1,000. Ukisikiliza saa moja kila siku, ya saa 300 inakwisha kwa miezi kumi. Kwa miaka kumi utanunua sindano kama kumi na mbili! Ile ya saa 1,000 inakupeleka karibu miaka mitatu. Umeona? Pleya unainunua mara moja, sindano unaioa. Bei ya sindano ndiyo bei ya kweli ya pleya.

Uzuri wa kundi hilo ni kwamba sindano zake zote zinaingia kwenye kichwa kilekile. Unaivuta ya zamani kwa vidole, unachomeka mpya, kwisha kazi. Ukiwa huna kitu unaanza na ya bei ya chini, ukipata ulaji unapanda bila kununua kichwa kingine. Ortofon wa Denmark, ambao kampuni yao ilianza mwaka 1918, nao wana 2M Red na 2M Blue zinazobadilishana sindano vivyo hivyo.

Ila jihadhari na neno "koili". Katriji zipo za aina mbili kubwa, za sumaku na za koili. Wenye masikio ya kitajiri wanazisifu za koili, na kweli nyingine zinaimba. Lakini nyingi sindano yake haichomoki. Ikiisha unairudisha yote kwa waliotengeneza. Sasa wewe wa Mbagala uanze kutuma kijiti cha almasi Japani kwa posta? Chukua ya sumaku, ulale usingizi.

Na usidhani jina kubwa ni kinga. Shure wa Marekani walikuwa mabingwa, ma-DJ kibao waliwategemea, lakini mwaka 2018 waliacha kabisa kutengeneza katriji. Waliokuwa nazo hawakuangua kilio sana kwa sababu viwanda vingine, kama JICO wa Japani, vinatengeneza sindano za kuingia humo. Ndiyo maana nasema, nunua kitu kilichouzwa kwa wengi. Chenye wateja wengi hakikosi wa kukitengenezea vipuri.

Haya, sindano tumemaliza, tuje kwenye mashine yenyewe. Kuna pleya za mkanda na kuna zinazozungushwa na mota moja kwa moja. Za mkanda, kama Rega wa Uingereza, zina sauti tamu na mambo machache ya kuharibika. Tatizo ni mkanda wenyewe, ni mpira, unalegea. Ukiichagua hiyo, nunua mikanda miwili ya akiba siku hiyohiyo, uifungie mahali pakavu.

Za mota moja kwa moja, mama yao ni Technics SL-1200. Wajapani wale wa Panasonic waliitoa mwaka 1972, MK2 ikafuata mwaka 1979, wakaacha kuzitengeneza mwaka 2010, wapenzi wake wakalalamika, wakazirudisha mwaka 2016. Madisko ya dunia nzima yamezipiga, zikamwagiwa bia, zikaendelea. Hata ya mtumba, ukiipata nzima, itakuzika.

Lakini mtumba una mitego yake, ndugu yangu, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Mtego wa kwanza ni umeme. Wetu ni volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde. Ya Marekani ni volti 110 au 120 na mapigo 60, ya Japani volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia harufu tu. Wengi wanasema si kitu, nitaweka transfoma. Transfoma inashusha volti, haibadili mapigo! Pleya nyingi za zamani za mkanda mota yake inafuata mapigo ya umeme, hivyo ile ya Marekani ikija Dar es Salaam badala ya mizunguko 33 kwa dakika itakupa kama 28. Franco ataimba kama kaamshwa usingizini. Za mota moja kwa moja zenye kwatzi, kama MK2, hazina ugonjwa huo. Zenyewe angalia volti tu.

Mtego wa pili ni mkono. Ushike taratibu, utikise kwa kidole. Ukicheza kama jino bovu, achana nayo. Kwenye MK2 tazama pia vile vidoti pembeni ya sahani. Mwendo ukiwa sawa, vidoti vinaonekana vimesimama tuli. Vikitembea, nawe tembea.

Mtego wa tatu ni mwendo. MK2 ina 33 na 45 tu. Kama nyumbani mna zile za babu za mizunguko 78, nzito, zinazovunjika kama sahani ya udongo, za enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, tafuta pleya yenye 78 na sindano yake maalumu. Mfereji wa hizo ni mpana mara kadhaa. Ukipitisha sindano ya kawaida unakwaruza chini bure.

Na usisahau huko inakochomekwa. Umeme unaotoka kwenye katriji ni mdogo sana. Sabufa zetu za kisasa hazina tundu la phono, kwa hiyo utasikia muziki kama uko kwa jirani. Unahitaji amplifaya yenye tundu hilo au kile kiboksi kidogo cha kuongeza nguvu. Ule waya mwembamba wa arthi nao ufunge, la sivyo nyuki watakuvumia usiku kucha. Pleya usiiweke kabati moja na spika, itatetemeka na besi itaunguruma yenyewe.

Basi tuliitisha kikao cha ukoo. Niliomba radhi nimesimama, mbele ya shangazi na wajomba. Binamu mmoja akataka tununue pleya mpya yenye taa za rangi, eti inapendeza kwenye picha. Wenzangu, nilikuwa nimeshachomwa na taa! Tukachangishana, mimi nikatoa malipo yangu ya makala za miezi mitatu, tukachukua MK2 ya mtumba kwa DJ mmoja mstaafu. Kifuniko kimekwaruzika, mguu mmoja hauna mpira, lakini mkono umetulia na vidoti vimesimama. Tukafunga katriji ya VM95 yenye ncha ya yai, tukapima gramu 2 kwa mizani midogo ya dijito. Sindano ya akiba iko kabatini kwa mama mkubwa, chini ya khanga.

Siku ya kuwasha alikaa kwenye kiti cha marehemu. Tulipiga santuri saba, zote safi. Niliona midomo yake inafuata maneno ya kila wimbo. Ya nane akachagua mwenyewe, ileile niliyoiharibu. Nikaomba Mungu sindano mpya ifanye muujiza. Wapi! Dagaa wakakaangwa mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwambia, "Mama mkubwa, hii tuiweke pembeni." Akanikatalia. "Iache hapohapo, tutakuwa tunaipiga kila mwezi. Hiyo ndiyo itakayokukumbusha kununua sindano."

Kwa hiyo ukutani kwake sasa kuna kalenda, na kila Jumapili naandika saa tulizopiga. Mpaka juzi tumefika 64. Zikikaribia 300 mimi mwenyewe najua pa kwenda, hata kama chipsi mayai nitazisikia kwa harufu.

Wewe mwenye santuri za mzee chini ya kitanda, usikimbilie kibegi. Zimesubiri miaka yote hiyo, zinaweza kusubiri miezi mitatu ujichange. Zifute vumbi, zisimamishe wima, usizilaze kama mikate. Halafu ukiingia dukani ujue cha kuuliza kwanza.

Tukutane wiki ijayo, hapahapa. Kaa mkao wa kula!