Wapagazi wa Mirihi
Mchezo wa Space: 1889, uliotolewa Marekani mwaka 1988, unawapa Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria makoloni kwenye sayari ya Mirihi. Sisi wa Afrika Mashariki, himaya ya angani nusura itufikie kweli. Novemba 1917 zepelini L 59 ya Wajerumani iliondoka Jamboli, Bulgaria, na takriban tani 15 za risasi, dawa na vifaa vya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao aliyekuwa akipigana huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata kitambaa chake kilikusudiwa kushonwa mahema. Ilipofika Sudan ikaamriwa kurudi. Huku chini wapagazi wetu walikuwa wakifa kwa maelfu, mizigo kichwani. Basi anayebuni himaya za namna hiyo atuonyeshe nani anapakua shehena kule Mirihi, analipwa nini, na akifa anazikwa wapi.