Chetezo Juu, Ndoo Ifunikwe



Tukiolewa tunafundwa kufukiza udi na kupamba chumba. Mtoto akianza kutambaa, chumba kile kile kinageuka hatari: chetezo cha makaa sakafuni, ndoo ya maji imejaa, mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda.

Likitokea la kutokea, tunasema ni kadari. Ni kweli. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Pia ametufunza kuzima moto kabla ya kulala na kufunika vyombo.

Basi na sisi tumfunge ngamia wetu. Chetezo kikae juu, asikokifikia. Ndoo ifunikwe, maji ya kina cha sentimita 5 tu humzamisha mtoto. Mafuta ya taa yafungiwe kabatini. Akiyanywa, tusimtapishe, tumkimbize hospitali. Akiungua, tummwagie maji ya bomba dakika 20, tusimpake dawa ya meno.

Na nyinyi masomo wetu, mkimfunda bibi harusi kufukiza, mfundeni na pa kukiweka chetezo.